Kabla Hujanunua Antivirusi, Fungua Kifuniko

Kompyuta ikianza kuwa nzito, wengi wetu huku Arusha na Moshi tunakimbilia mambo mawili: tunaipeleka kwa fundi "aipige Windows", au tunashuka mjini kununua kikasha cha antivirusi. Mara nyingi hakuna hata moja lililohitajika. Laptopu nyingi zinazotumika huku zililetwa zikiwa zimeshatumika nje ya nchi. Zina diski ya kuzunguka iliyochoka, RAM ya GB 4 na feni iliyozibwa na vumbi, na juu yake kuna antivirusi mbili na programu moja ya "kusafisha" vinavyogombania diski hiyohiyo. Ukiongeza kifurushi kingine cha ulinzi hapo, unaongeza mzigo juu ya punda aliyekwisha kupiga magoti. Hela ya kwanza iende kwenye SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, na kwenye eksternali, diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Kinga iliyokuja na Windows yenyewe inatosha kwa nyumba nyingi, mradi iwe imewashwa kweli na inasasishwa.

Diski kwanza

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, uifungue. Juu kushoto inaonyesha hali ya diski kwa rangi: bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Shuka uangalie mstari wa 05, wa C5 na wa C6, namba za mwisho kulia. Zikiwa sifuri zote, endelea na mengine. Mstari wa C5 ukiwa na chochote zaidi ya sifuri, kuna vipande vya diski ambavyo vimegoma kusomeka. Hapo acha kila kitu, nakili mafaili yako kwanza.

Kosa linalopoteza kazi za watu ni kuendesha chkdsk /r kwenye diski ya namna hiyo "ili ijirekebishe". Amri hiyo inasoma diski nzima, mwanzo hadi mwisho, kwa saa kadhaa, na diski mgonjwa inaweza kufia katikati. Skani kamili ya antivirusi inaibebesha mzigo wa aina hiyohiyo. Nakala kwanza, matengenezo baadaye.

Kama diski ni nzima lakini ni ya kuzunguka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie safu ya "Disk" kwenye Task Manager. Ikikaa kwenye asilimia 100 kwa dakika kumi baada ya kuwasha, tatizo umeshaliona. SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7 inaingia kwenye laptopu nyingi zenye nafasi ya diski ya zamani, na GB 256 zinatosha kwa kazi za ofisi na shule. Diski ya kuzunguka ya laptopu husoma takribani MB 100 kwa sekunde ikiwa na bahati, na SSD ya SATA hukaribia MB 550. Kwenye vijifaili vidogo maelfu, ambavyo ndivyo Windows inavyovitafuta inapowaka, tofauti ni kubwa kuliko hiyo.

Kwenye RAM, fungua usome kibandiko kabla ya kwenda dukani. Palipoandikwa PC3L panataka PC3L. Ukirudi na PC3 tupu, mashine inayodai volti 1.35 inaweza kukataa kuwaka kabisa. PC4 haiingii hata kwenye tundu.

SSD au flashi ya bei ya kutupwa ipime kwa H2testw kabla hujaweka kitu. Programu hiyo inajaza nafasi yote kisha inasoma ilichoandika. Flashi inayojitangaza kuwa ya TB 2 huku ndani ina GB 32 itaumbuka hapo. Usipoipima, itakubali kupokea picha zako zote za harusi na kuzionyesha kwa majina, lakini hazitafunguka.

Vumbi

Vumbi la Arusha linatokana na udongo wa volkano, ni laini na jepesi, na wavu wa dirisha haulizuii. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekata, ukikaa karibu na barabara ya vumbi, iwe Muriet au Pasua, laptopu inastahili kufunguliwa kila miezi sita. Iliyo kwenye ofisi ya ghorofani inaweza kungoja mwaka. Moshi iko chini zaidi na ina joto kuliko Arusha, kwa hiyo feni ya Moshi inafanya kazi zaidi mwezi Januari na Februari.

Pima joto kabla hujashika bisibisi. HWiNFO inaonyesha nyuzi za prosesa. Ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 55 ni sawa. Ikiwa na kazi nzito, 75 hadi 90 zinavumilika. Ikikaribia 95 hadi 100, prosesa inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Dalili zake ndizo zinazodhaniwa kuwa virusi: asubuhi mashine iko vizuri, baada ya dakika ishirini inakuwa nzito, feni inalia, ukiiweka juu ya mto kitandani inazima ghafla.

Tafuta bisibisi ya nyota ndogo, ile ya PH0, brashi mpya ya rangi ya inchi moja, kibano, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pesti ya joto, na kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi. Zima mashine ukiwa umeshikilia Shift huku ukibofya "Shut down", kwa sababu Windows ikizimwa kwa kawaida haijizimi yote. Chomoa chaja. Ukishaondoa kifuniko, jambo la kwanza ni kuchomoa kiunganishi cha betri, kabla bisibisi haijagusa kitu kingine. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15. Panga skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio uliozitoa nao, maana urefu unatofautiana na skrubu ndefu kwenye tundu fupi inatoboa bodi.

Ukiinua feni, utakuta kati yake na mapezi ya shaba kuna tabaka la vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi. Watu wengi hawalioni kwa sababu wanapuliza kutoka nje kupitia matundu, na ukipuliza hivyo unalirudisha ndani ya feni. Livute kwa kibano, litoke zima, ndipo upulize. Unapopuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole au kijiti cha meno. Feni ikizungushwa na upepo kwa kasi isiyo yake, beringi zinaharibika, na inaweza kuzalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Usipeleke laptopu gereji kupulizwa na kompresa ya matairi: ule upepo unatoka na maji na mafuta.

Kama nyuzi hazishuki baada ya vumbi kutoka, badilisha pesti. Skrubu za bomba la shaba mara nyingi zimeandikwa namba 1 hadi 4. Zilegeze kwa kurudi nyuma, 4 hadi 1, na uzikaze kwa kwenda mbele, 1 hadi 4, kidogokidogo kwa mizunguko miwili. Futa pesti ya zamani kwa spiriti mpaka chuma king'ae. Pesti mpya iwe kiasi cha punje ya mchele katikati. Ukiweka nyingi, inafurika pembeni na haipoozi zaidi. Dawa ya meno inakauka na haifai kabisa.

Kompyuta ya mezani iliyo kwenye umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo inahitaji UPS, kile kisanduku chenye betri ya akiba. Ya VA 650 inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, basi. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri ya ndani, kwa kawaida volti 12 na Ah 7, huchoka baada ya miaka miwili au mitatu. UPS inayolia na kuzima papo hapo mara nyingi inadai betri hiyo tu.

Mashine ikiamka na tarehe ya mwaka 2012, badilisha betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi. Tarehe ikiwa ya uongo, tovuti zinakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama, na antivirusi inashindwa kusasishwa. Watu wamepigiwa Windows upya kwa ajili ya betri ya saa.

Kinga iwe moja

Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake. Ukiweka antivirusi nyingine, Defender inajiweka kando. Ukiweka mbili za nje, kila faili unalofungua linakaguliwa mara mbili, na wakati mwingine moja inaishika nyingine kwa kuidhania mhalifu. Hali iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya laptopu iliyokuja na antivirusi ya majaribio ya siku 30, muda ukaisha miaka miwili iliyopita, na bado imekaa pale. Hailindi ipasavyo, na mabaki yake yanaweza kumzuia mlinzi mwingine kushika zamu.

Kuitoa kupitia orodha ya programu mara nyingi huacha mabaki. Watengenezaji wakubwa wana zana zao za kung'oa: Avast wana Avast Clear, McAfee wana MCPR, Kaspersky wana kavremover. Pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, iendeshe, washa upya, halafu fungua "Windows Security" uone kama Defender imerudi kazini.

Ukiwa humo ndani, ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings". Ulinzi wa wakati wote uwe umewashwa, wa mtandaoni uwe umewashwa, na "Tamper Protection" iwe imewashwa ili programu nyingine isiweze kuzima kinga kimyakimya. Kisha nenda "App & browser control", kwenye "Reputation-based protection", uwashe kuzuia programu zisizotakiwa. Hiyo ndiyo inayokamata vile vijiprogramu vinavyoingia pamoja na vidauniloda vya muziki. Kipengele cha "Controlled folder access" kinazuia programu ngeni kuandika kwenye folda zako, na ni kinga nzuri dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Kinakuja kikiwa kimezimwa. Ukikiwasha, programu ya uhasibu inaweza kushindwa kuhifadhi kazi mpaka uiruhusu kwa jina, basi fanya hivyo siku isiyo na haraka.

Kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka, skani ya Defender inaweza kukwamisha kazi, na utaona "Antimalware Service Executable" juu kabisa kwenye Task Manager. Usiizime. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kama msimamizi, andika:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kawaida skani iliyopangwa inaruhusiwa kutumia wastani wa asilimia 50 ya prosesa. Hapo umeishusha hadi 20. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini utaweza kuendelea na kazi yako.

Ujumbe unaotokea kwenye kona ya kioo ukisema antivirusi yako imeisha muda na kompyuta ina virusi vitano, ilhali hiyo antivirusi hujawahi kuwa nayo, kwa kawaida hautoki kwenye antivirusi yoyote. Ni tovuti uliyoikubalia kutuma arifa siku ulipobofya "Allow" ili uangalie mpira. Kwenye Chrome ingia Settings, "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", ufute kila jina usilolijua. Kwisha. Usibofye ujumbe wenyewe, na usilipe.

Flashi ya steshenari

Huku kwetu, mlango mkubwa wa virusi bado ni flashi. Mwanafunzi anakwenda kuchapa fomu ya mkopo, flashi inaingia kwenye kompyuta iliyoshachomekwa flashi arobaini tangu asubuhi, na jioni anairudisha nyumbani. Kinachosumbua zaidi ni kile watu wanachokiita virusi vya shotikati. Ukifungua flashi unakuta ikoni moja tu yenye mshale mdogo na jina la flashi yenyewe, ukubwa wake KB moja au mbili. Mafaili hayaonekani, lakini flashi inasema GB 6 zimetumika. Hayajafutwa. Yamehamishiwa kwenye folda iliyofichwa, na ule mshale ukiubofya mara mbili unafungua folda hiyo mbele yako huku nyuma ukiendesha kirusi. Ndiyo maana wengi hawashtuki, wanaona mafaili yao yapo na kazi inaendelea.

Familia moja iliyosambaa sana inaacha folda iitwayo WindowsServices, na ndani yake mna helper.vbs na wenzake. Kwenye flashi inaficha mafaili yako ndani ya folda yenye jina la kistari cha chini tu. Inaendeshwa na wscript.exe, programu halali ya Windows, na inabaki macho kusubiri flashi inayofuata. Kwa sababu hiyo, safisha kompyuta kwanza, flashi baadaye. Ukianza na flashi, itachafuka tena kabla hujaichomoa.

1. Toa flashi zote. Fungua Task Manager, kichupo cha "Details". Bofya kulia kwenye vichwa vya safu, chagua "Select columns", weka tiki "Command line". Tafuta wscript.exe. Kama mstari wake unataja faili la .vbs ndani ya AppData, izime kwa "End task".

2. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, Enter. Futa njia ya mkato usiyoitambua, hasa inayoitwa helper. Rudia Windows na R, andika %appdata%, ufute folda ya WindowsServices kama ipo. Ikikataa kufutika, wscript bado iko hai, rudi hatua ya kwanza.

3. Kwenye "Windows Security" chagua "Scan options", kisha skani ya Microsoft Defender Offline. Hifadhi kazi kwanza, mashine itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Ni kama dakika 15.

4. Sasa flashi. Zima AutoPlay kwenye Settings, chomeka flashi, na usibofye chochote ndani yake. Tazama imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua Command Prompt, andika E: na Enter. Hakikisha mstari sasa unaanza na E:\> ndipo uandike:

attrib -h -r -s /s /d *.*

Ukiwa umebaki kwenye C bila kujua, amri hiyo itayafichua mafaili ya mfumo na kukuletea vurugu, kwa hiyo angalia ile herufi mara mbili.

5. Andika del *.lnk kuondoa mishale. Fungua folda iliyofichuliwa, nakili kwenye kompyuta nyaraka na picha tu, chochote kinachoishia na .vbs, .js, .exe au .bat kiache hapo. Kisha fomati flashi. FAT32 inasomeka kwenye redio, televisheni na mashine za fotokopi, lakini haibebi faili moja linalofika GB 4. Kwa video kubwa tumia exFAT.

Ili usirudi huko kila wiki, tuma kazi ya kuchapa kwa barua pepe au WhatsApp ikiwa PDF. Ukilazimika kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari, toka kwenye akaunti kupitia simu yako, kwenye vifaa vilivyounganishwa, kabla hujalipia karatasi zako. Au tenga flashi moja ndogo ya kuchapishia, isiyobeba kitu kingine.

Mwenye steshenari ana wajibu mkubwa zaidi, maana kompyuta yake moja inagusa mtaa mzima. Wafanyakazi watumie akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Na kwenye regedit, programu ya kuhariri rejista (daftari la mipangilio ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings, utengeneze thamani ya aina ya DWORD yenye jina Enabled na namba 0. Tangu hapo mafaili ya .vbs hayaendeshwi na wscript, na hiyo familia ya virusi inakosa miguu. Kama kuna programu inayozihitaji hati hizo, rudisha thamani kuwa 1.

Bando na masasisho

Watu huweka Wi-Fi ya simu kuwa "metered", yaani ya kubana matumizi, ili Windows isile bando, kisha wanasahau. Miezi minane inapita bila sasisho hata moja. Mwaka 2017 WannaCry, virusi vya kudai fidia, ilisambaa duniani mwezi Mei kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake mwezi Machi. Walioumia wengi walikuwa hawajakiweka. Unaweza kuiacha "metered" ikiwa imewashwa, lakini panga siku ya kusasisha. Masasisho makubwa hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu ni saa 2 au saa 3 usiku. Ngoja hadi mwisho wa wiki hiyo, nunua bando la usiku kama mtandao wako unalo, ondoa "metered", uache mashine ipakue usiku kucha ikiwa kwenye chaja.

Ofisi yenye kompyuta kadhaa iwashe "Delivery Optimization" kwa vifaa vya mtandao wa ndani pekee. Mashine moja ikipakua, nyingine zinaweza kuchukua kwake badala ya kila moja kula bando lake. Kompyuta isiyo na intaneti kabisa unaweza kuisasisha Defender kwa kupakua mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft kwenye mashine nyingine na kuibeba kwa flashi safi. Ni zaidi ya MB 100.

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema orodha za virusi za Defender zitaendelea kutolewa kwake hadi Oktoba 2028, lakini hizo hazizibi matundu ya Windows yenyewe. Kwa hiyo unaponunua laptopu iliyotumika, soma namba ya prosesa: i5-8250U inaanza na 8, ni kizazi cha nane, na Windows 11 inaikubali. i5-6300U au i5-7200U haikubaliwi rasmi. Muuzaji akikuonyesha Windows 11 ikiwaka juu ya kizazi cha sita, ujue ukaguzi umerukwa wakati wa kuiweka. Kwa mashine ya namna hiyo inayotumika kuandika na intaneti tu, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ni chaguo la heshima.

Vifurushi vya kulipia

Kifurushi cha kulipia kina maana kwenye ofisi ya kompyuta kumi na kuendelea, ambako mtu mmoja anahitaji kuona kutoka mezani kwake ipi haijasasishwa, au kwa mzazi anayetaka udhibiti wa watoto kwenye simu na kompyuta kwa pamoja. Angalia majaribio ya AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria: yanatolewa bure, na yanapima pia ni kiasi gani kila programu inaifanya mashine kuwa nzito.

Jua pia nani ni nani. Norton, Avast, AVG, Avira na CCleaner zote sasa ni mali ya kampuni moja, Gen Digital. Anayechoshwa na matangazo ya Avast akahamia AVG amebadilisha rangi ya nyumba, mwenye nyumba ni yuleyule. Kuhusu "visafishaji": mwaka 2017 toleo 5.33 la CCleaner lilisambazwa likiwa na msimbo mbaya uliopenyezwa na wavamizi, likafika kwenye kompyuta zaidi ya milioni mbili. Kusafisha rejista hakuleti kasi utakayoiona, na kukikosewa programu zinagoma kufunguka. Unachohitaji kiko ndani ya Windows: "Storage", kisha "Temporary files", uweke tiki na ufute. Ila folda ya Downloads huorodheshwa humo pia, angalia kabla ya kuitikia.

Bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ina punguzo, na ya mwaka wa pili inakatwa kwenye kadi bila kukuuliza. Zima kujihuisha siku ileile uliyonunua. Ukinunua kikasha, kisiwe kimekwanguliwa, na uliza kama ufunguo unakubali kuamshwa Afrika Mashariki, kwani baadhi hufungwa kwa eneo. Funguo zinazouzwa kwenye magrupu kwa bei ya soda huwa zimeuzwa kwa watu wengi, na hufungiwa katikati ya mwaka.

Hakuna kifurushi kinachochukua nafasi ya nakala. Weka kazi zako kwenye eksternali, kisha ichomoe. Virusi vya kudai fidia vinafunga kila diski vinavyoikuta imechomekwa. Kampuni ya utalii yenye picha za miaka mitano kwenye eksternali isiyotoka kwenye kompyuta bado ina nakala moja tu.

Kwa fundi, kwenda na kurudi

Kabla ya kuikabidhi mashine, tafuta ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski, kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi. Una tarakimu 48. Windows 11 za karibuni hufunga diski zenyewe bila kukutangazia, na fundi akibadilisha bodi au mpangilio wa BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine), mashine itaudai ufunguo huo. Usipokuwa nao, mafaili yaliyomo ndani hayapatikani tena.

Ikirudi, nenda moja kwa moja kwenye "Virus & threat protection", "Manage settings", shuka hadi "Exclusions". Programu za kraki, yaani za kulipia zilizovunjwa ufunguo, na viamshaji haramu vya Windows hukamatwa na Defender, kwa hiyo anayeziweka huiambia Defender isiangalie folda fulani. Ukikuta pameandikwa C:\ peke yake, diski yako nzima haikaguliwi. Futa kila kilichomo, endesha skani kamili, na ujiandae kuona "Office" uliyowekewa ikianguka. Familia ya STOP, inayofunga mafaili ya watu kwa fidia, imesambaa hasa kupitia kraki za namna hiyo.

Mwisho, jaribu kinga kwa faili la EICAR. Ni maandishi ya herufi 68, hayana madhara, yametengenezwa ili kila antivirusi iyakamate. Yapakue kutoka tovuti ya EICAR. Defender ikipiga kelele ndani ya sekunde chache, chukua laptopu yako ulipe. Ikikaa kimya, mwambie fundi aifungue tena ukiwa hapohapo.